Wapangaji wanne, wote Wasomali, paspoti tano. Nani anawahesabu hawa watu?

Mama Kapinga (Lubumbashi)

Jambo jamani. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kampemba. Nyuma ya parsele yangu kuna vyumba vinne vya kupangisha, na tangu makamioni ya Dar yajae kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wapangaji wangu wamekuwa Wasomali tupu. Sina malalamiko nao. Wanalipa kabla sijadai, hawanywi, hawapigi muziki usiku. Shida ilikuwa maji tu: watu wanne wakitawadha mara tano kwa siku, na bomba letu lenyewe hutoa maji usiku wa manane. Hilo tumeshapatana, wamenunua tanki lao.

Kilichonileta hapa ni daftari la shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Alipita kuandikisha wageni, akafika safu ya utaifa, akasema: «Mama, bote ni Basomali, tuandike Basomali bane, tumalize.» Nikamwambia tungoje, waje na karatasi zao. Wakaja nazo.

Wa chumba cha kwanza ana paspoti ya Kenya. Kazaliwa Wajir, na baba yake kazaliwa Wajir. (Hapo tulicheka, maana shefu alidhani anasema komini yetu ya Kenya, pale kwenye soko. «Wewe wa Kenya? Avenue gani?») Wa pili ana paspoti ya Tanzania, mtu wa Arusha, na Kiswahili chake kinanitia haya mimi niliyekifundisha. Wa tatu ni mzee wa Hargeisa. Alitoa paspoti ya Somalia, kisha akachomoa nyingine kutoka mfuko wa ndani wa koti, imeandikwa Somaliland, upande wa kaskazini wa Somalia uliojitangazia nchi yake. Akasema hii ndiyo ya moyoni, ile ni ya kuvukia mpaka. Shefu akaigeuzageuza, akasema nchi hiyo haiko kwenye orodha yake. Wa nne ni kijana, kazaliwa Mogadishu, kalelewa Göteborg, paspoti ya Sweden. Amekuja kumsaidia mjomba wake kazi ya makamioni. Nyama ya mbuzi anaila kwa uma na kisu, wenzake hawaachi kumtania.

Ukiwauliza mmoja mmoja, wote wanne watakwambia: mimi Msomali. Jioni wanakaa uani na chai yao ya maziwa yenye iliki, wanabishana, na jioni ile ubishi ulikuwa juu ya idadi yao. Mzee alishikilia kwamba hawapungui milioni 30. Wa Arusha akasema 15. Kijana wa Sweden akashika simu, akapata namba ya tatu. Wakaja kwangu, ati mwalimu aamue. Mwalimu gani? Nilifundisha kusoma na kuandika.

Basi nauliza nyinyi mnaojua. Hawa watu ni wangapi, na anayewahesabu anahesabu nini? Aliyezaliwa Wajir anaingia upande gani? Wa Sweden je? Na tafadhali msinijibu «vita» halafu mkaondoka. Vita tunaijua, na bado wengi wetu tunahamia humu humu ndani, Masisi kwenda Goma, Kasai kuja Katanga. Wao Sweden walifikaje?

Dereva wa Mbeya (Nakonde)

Shikamoo mama. Nimekwama hapa nasubiri karatasi za mzigo, kwa hiyo nina muda.

Huyo wa Arusha ni Mtanzania kweli, shefu asimsumbue. Wasomali wa biashara ya ng'ombe waliingia upande ule wa kaskazini enzi za mkoloni, na wajukuu wao wamezaliwa hapo hapo.

Ila kuna kisa cha kinyume chake. Nenda Handeni, sehemu inaitwa Chogo. Utakuta watu waliokuja kutoka Somalia kama wakimbizi baada ya 1991, na nyumbani wanaongea Kizigua, lugha ya huko huko Handeni. Mababu zao walichukuliwa pwani yetu karne ya 19, wakauzwa utumwani Barawa na Merka, wakatoroka na kujificha kwenye misitu ya bonde la mto Juba, wakalima huko vizazi na vizazi. Lugha hawakuiacha. Vita ilipowafukuza wakarudi kulekule babu alikotolewa, na Serikali ikawapa wengi wao uraia. Wenzao zaidi ya elfu kumi walichukuliwa na Marekani miaka ya 2000. Huko Somalia walikuwa wanaitwa jareer, wenye nywele ngumu, na kwenye mambo ya koo walikuwa hawahesabiki. Walipofika Marekani ndipo wakaitwa Wasomali. Nimekaa na mmoja wao Handeni, alikuwa anacheka sana akilisimulia hilo, lakini kicheko chenyewe nilikiona.

Ticha wa Jografia (Lubumbashi, Katuba)

Mama Kapinga, mwenzangu wa chaki, nimefurahi kupata swali ambalo si la Mazembe.

Kabla ya kuwacheka wapangaji wako kwa kutojua idadi yao, tujitazame. Kongo ilihesabu watu wake Julai 1984, tukapatikana milioni 30 na kidogo. Basi. Hakuna sensa nyingine tangu hapo. Ukisikia leo tuko milioni 100, milioni 110, hayo ni makadirio yaliyopandishwa juu ya makadirio. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wa sekondari, na hakuna aliyepita mlangoni kwao na daftari, isipokuwa shefu wako anayetafuta wageni.

Somalia ilifanya sensa 1975, ikarudia 1986, na matokeo ya ile ya pili hayakuwahi kutolewa yote. Januari 1991 Siad Barre akafukuzwa Mogadishu, na Serikali nzima ikaanguka, ofisi za takwimu zikiwemo. Ikabidi kungoja mpaka 2014, ndipo UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, likishirikiana na watawala wa kule likafanya uchunguzi wa nchi nzima, Somaliland na Puntland, maeneo ya kaskazini yenye utawala wake, zikiwemo. Jibu likawa milioni 12.3.

Sasa hapa ndipo penye utamu kwa sisi wa jografia. Asilimia 26 ya watu hao walikuwa wafugaji wanaohamahama. Utamhesabuje mtu ambaye nyumba yake inafungwa juu ya ngamia? Ukimwandika hapa Jumatatu, Ijumaa yuko bonde jingine, pengine amevuka Ethiopia na amehesabiwa huko tena. Wale watafiti waliwangojea kwenye maji. Mwenye mifugo atakwepa mji, atakwepa barabara, atamkwepa polisi, lakini kisima hana budi kukifikia. Nikiwafundisha wanafunzi wangu sensa, nawapa mfano huo, wanauelewa upesi kuliko kanuni zote za kitabuni. Asilimia 9 nyingine walikuwa kwenye kambi za waliohama makwao kwa vita na ukame, asilimia 42 mijini. Tangu hapo Umoja wa Mataifa unakadiria tu, na makadirio ya miaka hii yamefika milioni 18, 19.

Hiyo ni Somalia peke yake. Ethiopia katika sensa ya 2007 ilipata Wasomali karibu milioni 4.6, na haijafanya sensa nyingine, kwa hiyo namba hiyo ni nguo ya mtoto aliyekwisha kuota ndevu. Kenya 2019 ilipata 2,780,502. Djibouti ina watu karibu milioni moja, na hukadiriwa kwamba Wasomali ni kama asilimia 60 yao, wengi wa ukoo wa Issa; wasio Wasomali wengi ni Waafar. Jumlisha mwenyewe, tayari umepita milioni 25 kabla hujapanda ndege.

Walio mbali sasa. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilipiga hesabu mwaka 2016: watu waliozaliwa Somalia wakaishi nje yake walikuwa kama 850,000 mwaka 1990, na 2015 wakawa kama milioni mbili. Theluthi mbili yao hawakufika mbali, wako nchi za jirani. Ulaya kama 280,000, Marekani kati ya 140,000 na 150,000. Angalia namba hiyo inavyowafanyia wapangaji wako. Kijana wa Göteborg yumo. Watoto atakaowazaa Göteborg hawatakuwamo. Mtu wa Wajir hayumo kabisa, kwa sababu hajawahi kutoka kwao, isipokuwa kuja kwako. Na wa Arusha hayumo pia.

Kwa hiyo mwambie mzee wa Hargeisa amekaribia sana. Wa Arusha kahesabu nchi moja kwa namba za zamani.

Kitu kimoja cha mwisho, kama kijana ana bendera yao kwenye simu. Ile nyota nyeupe ilibuniwa 1954 na Mohammed Awale Liban, na pembe zake tano ni sehemu tano walizogawanywa: ya Waingereza ambayo ndiyo Somaliland ya mzee wako, ya Waitalia, ya Wafaransa ambayo ndiyo Djibouti, Ogaden ya Ethiopia, na kaskazini mashariki ya Kenya. Sehemu ya Waingereza ilipata uhuru 26 Juni 1960, ya Waitalia 1 Julai, na siku hiyo mbili zikaungana. Sisi tumekaa katikati yao, 30 Juni. Pembe tatu hazikuja. Kwa ajili ya ile ya Kenya kulipiganwa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, na kwa ya Ogaden vita kubwa zaidi, 1977 na 1978, ambayo Somalia ilishindwa. Djibouti ilipopata uhuru 1977 ilichagua kukaa peke yake. Mzee wa Hargeisa ukimuuliza kuhusu 1 Julai, tazama uso wake.

Simba wa Ruashi (Lubumbashi)

Nyinyi mnahesabu dunia nzima, mimi nahesabu hapa. Basomali wamechukua barabara yote ya Kasumbalesa. Makamioni yao, bashoferi bao, depo zao, gereji zao. Kijana wa Lubum mwenye permi ya kuendesha anakaa nyumbani anakula bukari ya mama yake. Hilo ndilo swali.

Mama Kapinga

Simba, ni swali kweli, lakini lifungulie uzi wake. Hapa nataka idadi. Na huyo kijana mwenye permi mlete kwangu Jumamosi, nitamuuliza Mswidi kama mjomba wake anatafuta shoferi. Sikuahidi kitu.

Ticha, aksanti. Nilimuuliza mzee kuhusu 1 Julai. Alimwaga chai iliyobaki kwenye kikombe, akaenda kuswali.

Mtoto wa Garissa (Kasumbalesa)

Assalaam aleikum Mama Kapinga, na wengine wote. Mimi ni Msomali wa Garissa, hapa Kasumbalesa natoa mizigo forodhani. Ticha amepanga namba vizuri kuliko wengi wetu tungeweza. Mimi nitasema kinachokaa nyuma ya namba: sisi tukihesabiwa, anayehesabu huwa na hofu na jibu.

Sensa ya Kenya ya 2009 ilitoa Wasomali 2,385,572. Mwaka 2010 matokeo yalipotangazwa, waziri wa mipango alisimama akafuta ya wilaya nane, tatu za Turkana na tano za kwetu, Mandera yote, Wajir mashariki na Lagdera. Alisema ongezeko limezidi uwezo wa kuzaa. Magazetini ikawa mzaha, ati tumehesabu mpaka ngamia. Wanasiasa wetu wakakimbilia mahakamani, kwa sababu idadi kule ni viti vya bunge na mgawo wa pesa. Nitasema jambo ambalo nyumbani halitanipatia marafiki: kwetu pia walikuwepo waliotaka namba ipande, na sidhani kila jina lililoandikwa lilikuwa na mtu nyuma yake. Lakini Nairobi nao walitaka ishuke. Mtafiti mkweli angekaa wapi hapo?

Na hiyo si mara ya kwanza. Mwishoni mwa 1989 Serikali iliamuru kila Msomali mtu mzima wa Kenya aende kuchujwa. Baba yangu alizaliwa Garissa kabla Kenya haijapata bendera, alikuwa na kitambulisho kama Mkenya yeyote. Hakikutosha. Aliketi mbele ya meza ya maofisa na wazee wa koo: ukoo gani, jilib (tawi la ukoo) gani, babu nani, ulisoma wapi, nani anakujua. Akapewa kadi ya pili, ya rangi ya pinki, kuthibitisha kwamba Usomali wake ni wa Kenya. Hakuna kabila jingine lililotakiwa kadi hiyo. Aliyeshindwa kujieleza alirushwa mpakani. Mama bado anayo, iko kwenye bahasha moja na cheti chao cha ndoa. Mama Kapinga, ulivyomwambia shefu angoje karatasi, ulifanya vizuri, lakini ujue huyo wa Wajir alipokuwa anaitoa paspoti yake alikuwa na mawazo mengine kabisa.

Halafu kuna mkanganyo wa Dadaab, na hapo hesabu zote zinavunjika. Kambi zile za wakimbizi ziko kwetu, kaunti ya Garissa, tangu 1991. Njaa ya 2011 ilipozijaza, zilikuwa na watu zaidi ya 450,000, kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Sasa wewe ni mfugaji Mkenya, ukame umemaliza mbuzi wako, na umbali mfupi kutoka kwako kuna mahindi, mafuta na shule ya bure kwa yeyote aliyeandikwa mkimbizi. Unawapeleka watoto wanachukuliwa alama za vidole. Mtoto akifika miaka 18 anakwenda kuomba kitambulisho cha Kenya, mashine inasema: wewe ni mkimbizi wa Somalia. Binamu yangu ni mmoja wao. Wako makumi ya maelfu hivi. Na upande wa pili, wapo waliotoka Kismayo, Somalia, wakapata kitambulisho cha Kenya kwa njia wanazozijua wao, sitajifanya hawapo. Kwa hiyo ile namba ya wakimbizi ina Wakenya ndani, na namba ya Wakenya ina wakimbizi ndani.

Sasa swali lako la Sweden. Umekataza jibu la vita, na umekataza kwa haki, kwa sababu safari zilianza kabla. Upande wa Hargeisa na Berbera unatazamana na Aden ya Yemen. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, meli za makaa za Waingereza zilipita hapo, na wanaume wetu wakaajiriwa kutia makaa kwenye tanuri. Walishukia Cardiff, mtaa wa Butetown, wakaoa huko. Wajukuu wa wajukuu wao wapo mpaka leo. Miaka ya 1970 mafuta ya Ghuba yalipopanda bei, maelfu wengine wakaenda Saudia kufanya kazi. Kwa hiyo 1988, ndege za Serikali ya Somalia yenyewe zilipoipiga Hargeisa kwa mabomu, zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo, familia nyingi tayari zilikuwa na mtu nje. Asiye na mtu alikwenda kwa miguu Ethiopia, kambi ya Hartisheik. Aliye na kaka London alitafuta njia ya London. Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Mogadishu.

Hiyo ndiyo tofauti na nyinyi. Mtu wa Masisi akikimbia ana Goma, na Goma ikichafuka ana Kisangani, Lubumbashi. Sisi mji mkuu wenyewe ndio uliokuwa unaungua, hapakuwa na pa kurudi nyuma. Sweden, Norway, Uholanzi na Kanada zilikuwa zinapokea wakimbizi miaka ile ya 1990, na aliyefika wa kwanza akawaita wengine. Minnesota, jimbo la Marekani, watu hushangaa, kwa nini jangwa lihamie kwenye barafu? Viwanda vya nyama ya bata mzinga. Vilikuwa vinatafuta wafanyakazi, havikudai Kiingereza, na wa kwanza alipopata mshahara akapiga simu. Basi. Huyo Ilhan Omar mnayemwona katika bunge la Marekani tangu uchaguzi wa 2018 alikaa utotoni kambi ya Utango, hapo Mombasa.

Na aliyekosa ndege alishuka Eastleigh, Nairobi. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni ya kawaida. Wakimbizi waliopanga vyumba wakaanza kuuza nguo na redio wakiwa wamekaa kitandani, mlango wazi. Kitanda kikatolewa, chumba kikawa duka, jengo likawa soko, na mtaa mzima ukafuata. Bidhaa nyingi mnazoziona Lubumbashi zimepitia mikono iliyoanzia kwenye vitanda vile.

Mtu wa Likasi (Cape Town)

Nawasoma kutoka Bellville. Simba wa Ruashi, kaka, maneno uliyoandika huku tunaambiwa sisi. Yaleyale. Tumechukua kazi ya ulinzi, tumechukua saluni, turudi kwetu.

Wasomali huku walikuja kwa barabara, Kenya, Tanzania, Malawi au Msumbiji, mpaka hapa. Bellville karibu na stesheni ni mji wao, maduka ya jumla, misikiti, simu, nyumba za kulala wageni. Mimi nilipofika sina kitu, aliyenikopesha godoro alikuwa Msomali, na alilidai kila Ijumaa mpaka nikamaliza, sitamsifu kupita kiasi. Biashara yao nimeitazama kwa karibu. Watatu au wanne wanaunganisha mtaji, wanafungua duka dogo kitongojini, mmoja analala ndani, mwingine ananunua bidhaa pamoja na maduka mengine kumi ili bei ishuke. Mwenye duka la pembeni anayenunua peke yake hawezi bei hiyo. Kuna chuki inayotoka hapo, na kuna chuki isiyohitaji sababu. Mei 2008 waliuawa watu 62 nchi nzima, maduka yakaporwa, na sisi Wakongomani tulilala na Wasomali kwenye mahema yaleyale. Kwa hiyo Mama Kapinga, kwenye hesabu yako weka na hawa, ila usitegemee utapata namba: nusu ya watu ninaowajua hapa hawataki kuonekana kwenye karatasi yoyote.

Mama Kapinga

Nimewasomea yote uani, kuanzia kwa Ticha. Wa Wajir alitaka nirudie ile ya kadi ya pinki. Mzee aliposikia Hartisheik akasema yeye alikuwa huko, na ghafla akawa na maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia, kwa Kisomali, na kijana wa Sweden ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Kumbe naye kijana mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Shefu tumemalizana naye. Daftari linasema Mkenya, Mtanzania, Msomali, Mswidi. Mzee alinung'unika, lakini ndiyo paspoti aliyovukia mpaka.

Nina swali la mwisho kwa Mtoto wa Garissa. Mwisho wa mwezi simu zao hazilali: Nairobi, Jijiga, Hargeisa. Huyo wa kwanza mshahara wake nusu unaondoka siku ileile. Benki hawaendi. Wanapeleka vipi? Nina binti anasoma Nairobi, na mimi kila nikimtumia napoteza pesa na siku.

Mtoto wa Garissa

Mama, hiyo ni hawala. Unampa wakala dola hapa, anaandika jina la mpokeaji na simu yake, anampelekea ujumbe wakala wa kule, na yule wa kule analipa kutoka kwenye sanduku lake. Pesa yenyewe haisafiri. Mawakala wanarekebishana baadaye, mara nyingi kwa mzigo: mimi nakudai, wewe unanilipia kontena Dubai. Dahabshiil, moja ya kampuni kubwa za hawala, ilianzishwa 1970 na Mohamed Said Duale, Burao, kwa ajili ya hao waliokuwa wanafanya kazi Ghuba. Ya 1988 ikammalizia kila kitu, akaanza upya Ethiopia kati ya wakimbizi, maana wakimbizi ndio waliokuwa wanangoja pesa. Jumla inayoingia Somalia kwa njia hizi inapita dola bilioni moja kwa mwaka. Novemba 2001 Marekani ilipofunga al-Barakaat, kampuni nyingine ya hawala, kwa tuhuma za ugaidi, ambazo uchunguzi wao wenyewe baadaye haukuzithibitisha, kuna nyumba hazikupika.

Zamani wakala alikuwa hakuulizi hata kitambulisho. Alikuuliza jina lako, la baba, la babu, na ukoo, na kama umedanganya kwenye babu alikujua. Sasa wanataka paspoti pia, sheria zimekaza.

Kwa binti yako, ada ni kama asilimia tano, uliza kwanza maana inatofautiana. Nenda na huyo wa chumba cha kwanza kwa wakala wake, usiende peke yako mara ya kwanza, na hakikisha jina la binti limeandikwa kama lilivyo kwenye paspoti yake, herufi kwa herufi, kwa sababu majina yenu ya Kikongomani pale Eastleigh huwa wanayakosea. Akiwa na simu mkononi, ataipata kabla hujafika nyumbani Kampemba.